Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT): msaada wa kisheria uanzie msibani

Mkuu wa Kanisa, Baba Maaskofu, Wakuu wa Majimbo, wachungaji, wainjilisti na parishi weka (wahudumu wa usharika) wote,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, msharika wenu wa Kilimanjaro vijijini, na msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Jumapili baada ya ibada ya pili, wakati mnada wa ndizi na maziwa unaendelea uwanjani, sisi tunafungua darasa la shule ya Jumapili, tunapanga viti, na watu wanaanza kuingia mmoja mmoja. Wengi ni akina mama. Wanakuja na mirathi, mipaka ya mashamba, matunzo ya watoto waliotelekezwa na baba zao, mishahara ya kazi za ndani ambayo haikulipwa, mikopo ya kausha damu iliyoondoka na kitanda na mabati. Tunawasikiliza, tunawaandikia barua, tunawaeleza waende wapi na wabebe nini. Ambaye jambo lake linahitaji wakili, tunamtafutia wakili mwenye moyo wa kujitolea. Hatupokei hata shilingi.

Naandika hadharani kwa sababu ninachoomba kiko nje ya uwezo wa usharika mmoja. Naomba kanisa letu liifanye huduma ya msaada wa kisheria kuwa sehemu ya udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, katika kila usharika, yenye watu waliosomeshwa, chumba na fungu kwenye bajeti. Na naomba huduma hiyo ianze kazi msibani, kabla mjane hajasaini karatasi yoyote. Hilo la pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Baba Maaskofu, mnazika watu kila wiki na mnajua msiba ulivyo. Mchungaji anamaliza ibada ya maziko, anatoa neno la faraja, anakula chakula cha msiba, anaondoka. Kwaya inaondoka. Siku chache baadaye ukoo unakaa kikao. Mjane yuko ndani na wanawake wenzake, amejifunga kanga kichwani, hajalala usingizi wa maana tangu hospitali. Wanaume wako nje chini ya turubai. Mwishoni anaitwa, anaonyeshwa karatasi ya daftari yenye majina yaliyopangwa kwa namba, anaambiwa, "Mama, weka jina lako hapo, ni mahudhurio." Anaandika. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Karatasi ile ikifika mahakamani inasomeka kuwa ni muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza shemeji yake kuwa msimamizi wa mirathi, na mjane ni mmoja wa waliokubali.

Sheria haisemi kwamba ni lazima mwombaji awe ameteuliwa na ukoo. Lakini katika utendaji, muhtasari ule huulizwa mapema kabisa, pamoja na cheti cha kifo na barua ya mtendaji. Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa mahakama ambako mjane hana sababu ya kupita. Hakuna pingamizi, shemeji anateuliwa. Kanuni za mirathi katika Mahakama ya Mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za mirathi kwa Fomu Namba 6. Wajane wengi niliokutana nao hawajawahi kusikia habari za fomu hizo. Wanakuja kwetu wakati shamba la tambarare limeshauzwa, fedha za benki zimeshatoka, na kilichobaki ni kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, chenye nyumba anayolala na watoto, nacho kimeanza kupimwa kwa hatua.

Alikuja mama mmoja wa namna hiyo, mumewe fundi seremala. Akakaa, akamimina mezani vilivyokuwa kwenye mfuko wake: kadi za kliniki za watoto, risiti za mabati na saruji, cheti cha ubatizo cha mtoto wa kwanza, picha ya harusi iliyoanza kufifia rangi, yeye na marehemu wamesimama mbele ya mlango wa kanisa na mchungaji katikati. Cheti cha ndoa hakikuwepo. Shemeji alikichukua siku ya tatu ya msiba "akakitunze". Mbele ya hakimu, shemeji huyo huyo alisema kaka yake hakuwahi kufunga ndoa na yule mwanamke. Ndoa ilifungwa kanisani, mbele ya madhabahu, watu wakiona. Ushahidi wake ulikuwa kwenye daftari ndani ya kabati la ofisi ya usharika fulani, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kuwa nalo lilikuwa silaha ya mjane. Tulipolipata, mstari wenyewe ulikuwapo, kwa wino wa bluu, majina yote mawili na mashahidi wawili. Mama yule aliushika ukurasa kwa vidole viwili pembeni kana kwamba unaweza kuchanika, akausoma kwa sauti.

Wachungaji wangu, wakili mzuri kabisa akikosa daftari lile anabaki kubishana maneno matupu. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakitambulika kuwa mume na mke, lakini kwa nini mtu aliyefunga ndoa halali kanisani aombe kudhaniwa? Ndoa ya kanisani inafungwa na kiongozi wa dini mwenye leseni ya serikali, na taarifa yake inapaswa kufika RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Je, zote zinafika? Daftari za zamani zimetunzwa wapi? Sharika ngapi zina kabati lenye kufuli, na ngapi zina boksi chini ya meza ambalo mchwa wameshalianza? Naomba kila dayosisi ikague daftari zake za ndoa na ubatizo kwa uzito ule ule inaokagua hesabu za sadaka.

Kuna jambo jingine ambalo wachungaji wengi hawajaelezwa, na ndilo zito kuliko yote. Mkristo wa Tanzania anapofariki bila wosia, swali la kwanza ni mirathi yake ifuate sheria gani. Zipo sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, na ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika. Tofauti yake kwa mjane ni kubwa. Kwa tangazo lile la 1963, kanuni ya 27, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Kwa ile ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawanywa kwa watoto, wa kike kwa wa kiume, sawa kwa sawa.

Mahakama huamuaje? Huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na nia yake ilikuwa ipi. Tangu miaka ya 1960 Mahakama Kuu ilishaamua kwamba mtu aliyeziacha mila na kuishi Kikristo, mirathi yake isiendeshwe kimila. Sasa niulize: ni nani anayejua namna marehemu alivyoishi kuliko mchungaji wake? Aliyembatiza, akampa kipaimara, akafungisha ndoa yake, akampokea mezani pa Bwana miaka yote, akamzika. Barua ya mchungaji, au mchungaji mwenyewe kusimama na kuapa, inaweza kuamua mjane huyu abaki na theluthi au abaki na huruma ya watoto. Halafu tunamzika mtu kwa liturujia nzima, na wiki mbili baadaye ndugu zake wanasema mahakamani kwamba aliishi kwa mila za ukoo, na kanisa halipo kusema neno.

Na hapo muda una nguvu. Mahakama ya Mwanzo inashughulika na mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Ile inayofuata sheria ya 1865 ni ya mahakama za juu yake. Kwa hiyo anayewahi kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo mara nyingi ndiye anayekuwa ameshachagua na sheria. Mjane akija kwetu baada ya miezi minane, tunaanza na maombi ya kumwondoa msimamizi, kurudisha mali zilizouzwa, kubishania mamlaka ya mahakama, mambo yanayokula miaka na nauli. Akija kabla ya kikao cha ukoo, mara nyingi kazi yote ni maelezo ya saa moja na barua mbili.

Ndiyo maana nasema huduma ianzie msibani. Mchungaji au mwinjilisti anapokwenda kufariji, aende na msaidizi wa kisheria, mwanamke ikiwezekana, akae na mjane ndani, si chini ya turubai. Amwambie kwa upole: usisaini kitu ambacho hukusomewa chote, vyeti vyako viweke mahali unapopajua wewe, nakala zipeleke usharikani, una haki ya kuhudhuria kikao na una haki ya kuomba usimamizi wewe mwenyewe. Maneno hayo hayamwondolei mtu heshima ya msiba. Ukoo wenye nia njema utayapokea, kwani yanaukinga nao na ugomvi wa kesho.

Hapa lazima niguse panapouma. Wazee wetu wa kanisa ndio wazee wetu wa ukoo. Anayekusanya sadaka Jumapili ndiye anayeongoza kikao Jumatano. Ninawaheshimu, wengi ni watu wa haki na baadhi yao wamewatetea wajane mpaka wakagombana na ndugu zao. Lakini nimeona pia mama anashindwa kuja kwenye meza yetu kwa kuwa anayemdhulumu anakaa viti vya mbele, na anaogopa habari zitafika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo huduma hii isiwekwe chini ya baraza la wazee la usharika. Iwe chini ya Idara ya Udiakonia ya dayosisi, iwe na kiapo cha kutunza siri, na mtu awe huru kwenda kusikilizwa usharika wa jirani. Na mzee wa kanisa mwenye maslahi katika mirathi atamkiwe wazi kwamba hawezi kuwa msuluhishi wake.

Wapo watakaosema kanisa lisiingie katika ugomvi wa ardhi. Baba Maaskofu, binti za Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao. Shauri la ardhi la wanawake lilipelekwa kwa watumishi wa Mungu, nao hawakulikataa. Musa alilipeleka mbele za Bwana, na binti wale wakapewa haki yao. Na nchi hii nayo ilishasikia sauti kama ile. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kutoka Muleba, Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama alivyo nayo mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Hata hivyo zile kanuni za urithi za 1963 hazikufutwa kwa maamuzi hayo. Wajane wawili walizipinga. Mahakama Kuu ikakiri mwaka 2006 kwamba ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wale. Sheria nzuri na sheria mbaya zimekaa kabati moja, na mjane asiye na wa kumsomea hupata ile mbaya.

Kuhusu uhalali wa kazi yenyewe, njia iko wazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na inataka taasisi zinazotoa huduma hii zisajiliwe. Msaidizi wa kisheria hajifanyi wakili na hasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Anaelimisha, anaelekeza, anasaidia kuandaa nyaraka, anasuluhisha panaposuluhishika. Dayosisi ikijisajili, sharika zake zinaweza kufanya kazi chini ya mwamvuli halali. Serikali nayo imetembeza Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia tangu 2023, na watu wetu wamenufaika. Nimeona foleni kwenye mahema yale. Ila hema likikunjwa, shauri la mama linabaki. Kanisa halikunji hema. Lipo kijijini mwaka mzima.

Nisisahau jambo linalowapotezea watu muda mwingi siku hizi. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Sasa yanasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado tunapokea watu walioshika "hukumu" mpya ya kata wakiamini wameshinda. Tangazo la dakika tano baada ya mahubiri lingewaokoa.

Vivyo hivyo wosia. Tunafundisha uwakili wa mali kila mwaka wakati wa mavuno, lakini tunawaacha washarika wafe bila kuandika mali hiyo iende kwa nani. RITA inaandika na kuhifadhi wosia. Waalikeni.

Mtaniuliza watu na fedha zitoke wapi. Watu tunao. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira ni chetu, na kinafundisha sheria. Chuo Kikuu cha Iringa nacho kinafundisha sheria, na ni chetu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakiwa chini ya wahadhiri wao, wanaweza kupangiwa majimbo kama wanafunzi wa theolojia wanavyopangiwa sharika kwa mafunzo ya vitendo. Mawakili tunao pia, wanaimba kwenye kwaya za mjini. Waombwe kwa barua rasmi ya askofu, na wengi hawatakataa. Gharama yenyewe ni nauli za wasaidizi, karatasi, kutoa nakala, kabati lenye kufuli, na mafunzo. Kanisa lililojenga hospitali kwa ajili ya miili iliyougua, ambalo mwaka 1971 lilishiriki kufungua hospitali ya KCMC pale Moshi, halitashindwa na kabati.

Nina ombi moja la kuwekewa mpaka. Mama aliyepigwa, mtoto aliyebakwa, hao wasiletwe kwenye meza ya upatanisho, hata kama aliyefanya ni mtu wa kanisani na familia inalia tuyamalize ndani. Makosa hayo ni ya jinai. Kazi ya huduma yetu hapo ni kumfikisha hospitali na dawati la jinsia polisi upesi, kumsindikiza, na kukaa naye mpaka ushahidi utolewe. Naomba maaskofu mlitamke hili kwa waraka, kwa sababu msaidizi wa kisheria wa kijijini hana nguvu ya kumkatalia mchungaji wake anayesema "tusali kwanza, tusamehe".

Na meza iwe ya watu wote. Kwetu wanakuja Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu kutoka njia panda, na wasiosali kokote. Mirathi ya Muislamu ina sheria yake, na tunamwelekeza kwa wanaoijua. Lakini kikombe cha chai na kiti anavipata kama msharika.

Halmashauri Kuu za dayosisi zitakapokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao, naomba jambo hili liwe kwenye ajenda likiwa na mambo manne: usajili wa dayosisi kama mtoa huduma ya msaada wa kisheria, ukaguzi wa daftari za ndoa, waraka kwa wachungaji kuhusu siku za msiba na kuhusu makosa ya jinai, na makubaliano na vyuo vyetu vya sheria. Dayosisi moja ikikubali kuanza na jimbo moja, sisi wasaidizi wa kisheria wa huku tuko tayari kuja kuwafundisha wenzetu tunachokijua, kwa nauli yetu.

Wenu katika huduma,

Msaidizi wa kisheria wa kujitolea
Kilimanjaro